Vitabu vya Mashujaa: Tuvichome au Tuvisome?

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Chechelesi, Isiolo. Yanachapishwa hapa ili vikundi vingine navyo vipate kuyajadili.)



Mlitutuma kazi na leo tumekuja kutoa majibu. Mnalijua sanduku letu la vitabu. Mwanzoni lilikuwa na vitabu vya afya, vya kufuga mbuzi na kuku, na vya kuweka hesabu za kikundi. Lakini vijana walianza kuleta vitabu vya katuni, vingine walivinunua mjini kwa wauzaji wa vitabu vya mtumba, vingine walipewa na jamaa wanaofanya kazi Nairobi. Sasa sanduku limejaa watu wanaoruka angani, wanawake wanaorusha radi, na maroboti. Watoto wanasukumana kuvishika hivyo. Vile vya mbuzi vimelala tu na vumbi.

Hapo ndipo maneno yalipozuka. Wazazi wengine walisema huu ni uchawi wa kigeni, vichomwe. Wengine walisema ni kupoteza wakati, mtoto asome kitabu cha shule. Vijana nao wakasema wazee wanahukumu kitu ambacho hawajakifungua. Mkutano ukaamua kwamba kabla ya kupiga kura, watu wachache wavisome vyote, wavipime, kisha waje waeleze. Sisi ndio hao wachache.

Tuseme mapema tulipofika. Tunaona visichomwe. Lakini pia visiachwe tu sandukuni kila mtoto ajisomee pekee yake kimya. Visomwe pamoja, na viulizwe maswali magumu. Hebu tueleze ni kwa nini.

KUCHOMA KULISHAJARIBIWA

Kwanza mjue kwamba wazo la kuchoma si letu peke yetu. Huko Marekani, ambako vitabu vingi vya namna hii vilitoka, mwaka 1948 watoto wa shule katika miji kadhaa walikusanya vitabu vya katuni na kuviwasha moto hadharani, huku wazazi, walimu na hata watu wa kanisa wakiwaunga mkono. Mwaka 1954 daktari mmoja aitwaye Fredric Wertham alitoa kitabu kilichosema kwamba katuni zinaharibu watoto. Bunge la Seneti likafanya vikao. Wachapishaji wakaogopa, wakajiwekea kanuni na ofisi ya kukagua kila ukurasa kabla ya kuchapishwa.

Tusiwadharau wazazi wale. Baadhi ya vitabu hivyo vilikuwa na damu na ukatili usiofaa mtoto. Lakini angalieni kilichofuata.

Mwaka 1953 ilikuwa imetoka hadithi fupi ya kisayansi iitwayo Judgment Day, iliyoandikwa na Al Feldstein na kuchorwa na Joe Orlando. Mkaguzi anatoka duniani kwa chombo cha angani hadi sayari wanakoishi maroboti. Anataka kujua kama wako tayari kujiunga na muungano wa sayari zote. Anakuta wako wa rangi ya chungwa na wako wa buluu. Wale wa chungwa wanapata kazi nzuri, wale wa buluu wanakaa nyuma ya basi na sehemu mbaya ya mji. Mkaguzi anakwenda kiwandani wanakotengenezwa na kuona kwamba ndani wote ni chuma kile kile na nyaya zile zile. Tofauti ni ganda tu la nje. Anawaambia hawako tayari bado. Anarudi kwenye chombo chake, anavua kofia ya usafiri, na kwa mara ya kwanza tunauona uso wake. Ni mtu mweusi.

Mwaka 1956 mchapishaji alipotaka kuirudia hadithi hiyo, ofisi ya ukaguzi ilimwambia mtu yule asiwe mweusi. Mchapishaji, Bill Gaines, alikataa na kuichapisha vile vile ilivyokuwa. Mnaona basi? Kanuni iliyowekwa kuwalinda watoto na ukatili ilikaribia kuwazuia wasione mtu mweusi akiwa mkaguzi wa nyota. Anayewasha moto hachagui ukurasa.

Na hadithi ile, jameni, ingeweza kuandikwa hapa. Isiolo ni mji wa Waborana, Waturukana, Wameru, Wasomali, Wasamburu na wengine. Tumewahi kuchinjana kwa sababu ya ganda la nje. Tuliisoma kwa sauti kikundini, na hakuna aliyehitaji kuelezwa hao wa chungwa ni nani na hao wa buluu ni nani. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na hapo ndipo mazungumzo ya maana yalipoanza.

JINSI TULIVYOSOMA

Wengi wenu mmepita katika mafunzo ya DELTA au mafunzo yaliyotokana nayo. Mnakumbuka mwalimu akibandika picha ukutani bila kusema chochote, kisha anauliza. Njia hiyo ilianza kutumika Kenya miaka ya 1970 katika kazi za maendeleo za Kanisa, ikifuata mawazo ya Paulo Freire wa Brazil. Anne Hope na Sally Timmel waliiandika katika vitabu vyao vya Training for Transformation, vilivyotoka mwaka 1984. Maswali yake ni haya: Mnaona nini hapa? Kwa nini jambo hili linatokea? Je, linatokea kwetu? Linaleta shida gani nyingine? Chanzo chake hasa ni nini? Tufanye nini?

Sasa kitabu cha katuni ni nini kama si picha nyingi za namna hiyo zilizofuatana? Tuliyachukua maswali yale yale, tukaongeza mawili yetu. La kwanza: katika hadithi hii nani ana jina, na nani hana? La pili: shujaa akishaondoka, watu wanabaki na nini? Tuliona maswali haya mawili yanapepeta upesi sana. Kitabu chenye mbegu hubaki kwenye ungo, na chenye makapi huruka.

MTU WA CHUMA NA DOLA 130

Tuanze na mkubwa wao, Superman. Alitoka mwaka 1938. Waliomtunga ni vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora. Walikuwa watoto wa wahamiaji Wayahudi, na wakati huo Marekani ilikuwa katika njaa na ukosefu mkubwa wa kazi.

Ukisoma zile hadithi za kwanza utashangaa. Superman hapigani na majitu ya angani. Katika kitabu cha kwanza anaingia nyumba ya mwanamume anayempiga mke wake, anamzuia. Katika kitabu cha tatu anamfungia mwenye mgodi ndani ya mgodi wake mwenyewe, pamoja na wageni wake wa karamu, mpaka aone kwa macho yake hatari ambayo wafanyakazi wake wanaishi nayo kila siku. Yule tajiri anatoka na kuahidi kuurekebisha mgodi. Hadithi hizo akina mama wetu walizipenda. Walisema, "Huyu kumbe ni mtu wa maana, si wa kuruka tu."

Lakini hadithi iliyotugusa zaidi ni ile iliyo nje ya kitabu. Vijana wale wawili walilipwa dola 130 kwa kazi ile ya kwanza, na karatasi waliyotia sahihi iliipa kampuni haki zote za Superman. Kampuni ilitajirika, na wao walihangaika mahakamani na katika umaskini kwa miaka mingi. Mwaka 1975 tu, baada ya kelele nyingi za watu, ndipo walipoahidiwa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na majina yao yakarudishwa juu ya kazi yao. Mwaka 2024 nakala moja tu ya kile kitabu cha 1938 iliuzwa kwa dola milioni 6.

Waliomtunga mtu anayenyanyua magari hawakuweza kujinasua kutoka kwa karatasi moja. Kikundi chochote hapa kinachoombwa kuweka kidole gumba kwenye mkataba wa ardhi, wa kokoto, wa ngozi au wa picha za shanga zetu, kikumbuke hizo dola 130. Mkataba usomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo wote wanaielewa, na usitiwe sahihi siku hiyo hiyo ulipoletwa.

MWANAMKE WA MVUA

Sasa tuje kwa mwanamke aliyepewa nyumbani kwake hapa Kenya. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum walitoa hadithi mpya ya kundi la X-Men, na ndani yake akatokea Ororo, ambaye jina lake la kazi ni Storm, yaani Tufani. Watoto wetu walicheka jina hilo, maana kwa Kiswahili ororo ni kitu laini, na mama huyu si laini hata kidogo. Mama yake ni Mkenya, baba yake ni Mmarekani mweusi. Anaamrisha upepo, radi na mvua. Tunapomkuta mara ya kwanza yuko Kenya, watu wanamwabudu kama mungu, nao wanamlilia kwa sababu nchi imekauka. Anapaa juu, mawingu yanakusanyika, mvua inanyesha.

Mnaweza kufikiri jinsi ukurasa huo unavyosomwa Isiolo. Sisi tulikosa mvua misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Tuliona ng'ombe wakianguka, kisha ngamia. Halafu mwisho wa 2023 mvua ikaja yote kwa pamoja ikawa mafuriko. Mtoto aliyezaliwa hapa akiona mwanamke mweusi akiita mvua kwa mikono miwili, macho yake hayatoki hapo. Hatumlaumu.

Lakini tulipouliza maswali yetu, mambo mawili yalionekana. Kwanza, wale wanakijiji hawana majina. Kazi yao ni kupiga magoti. Hakuna aliyechimba silanga, hakuna aliyehamisha mifugo, hakuna aliyeweka akiba. Pili, mara tu baada ya mvua, anakuja profesa kutoka Marekani na kumwambia Ororo kwamba dunia kubwa inamhitaji. Anakubali, anaondoka. Hadithi inamfuata yeye. Haigeuki nyuma kuwauliza wanakijiji watafanya nini msimu ujao.

Mzee mmoja katika kikundi chetu alisikiliza yote haya, kisha akauliza, "Huyo mama aliacha namba ya simu?" Tulicheka, lakini lile ndilo swali lenyewe. Tumewaona wengi wakija hapa na mvua ya siku moja. Wengine walikuja na lori la chakula, wengine na pampu ya maji, wengine na semina. Tuliwashukuru, na tulikuwa na haki ya kushukuru. Walipoondoka, pampu iliharibika na hakuna aliyefundishwa kuitengeneza.

Linganisheni na desturi ya Waborana wa kaunti hii. Kisimani yuko abba herega, mzee wa zamu ya maji. Hana radi mkononi. Ana hesabu: leo ngamia wa nani, kesho ng'ombe wa nani, mgeni aliye safarini anywe lini, na anayevunja zamu alipe nini. Malisho nayo yana wazee wa dedha, wanaosema wapi pachungwe wakati wa mvua na wapi pahifadhiwe hadi kiangazi. Hiyo haipendezi kama picha ya mwanamke anayepaa mawinguni. Lakini ni nguvu ambayo hupita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto, na haiwezi kuchukuliwa na profesa hata mmoja.

Uamuzi wetu juu ya kitabu hiki: kibaki. Ororo mwenyewe ni mwanamke jasiri na mwenye huruma, na wasichana wetu wanafurahi kumwona. Ila kisisomwe bila lile swali la nani anabaki.

WAKANDA NA KATIBA

Kitabu cha nne ni cha Black Panther, Chui Mweusi, mfalme wa nchi ya kubuniwa iitwayo Wakanda. Stan Lee na Jack Kirby walimleta mwaka 1966. Filamu yake ilipotoka mwaka 2018 ilionyeshwa Kisumu, na Lupita Nyong'o wetu alikuwa ndani yake. Wakanda ina madini ya ajabu, nayo iliyaficha ili isitawaliwe na wageni. Tunaelewa kwa nini hadithi hiyo iliwafurahisha Waafrika. Ni nchi moja ambayo haikuporwa.

Lakini kuna toleo la mwaka 2016, lililoandikwa na Ta-Nehisi Coates na kuchorwa na Brian Stelfreeze, ambalo tunalisifu zaidi ya mengine. Humo watu wa Wakanda wanamwasi mfalme wao. Wanauliza: tuna madini, tuna mashine za kila aina, lakini vita vilipokuja mfalme alikuwa wapi? Tena kwa nini mtu mmoja awaamulie wote, hata kama ni mtu mzuri? Wanawake wawili waliokuwa walinzi wa mfalme, Ayo na Aneka, wanamwacha na kwenda kuwakomboa wanawake wanaoteswa na watemi. Mfalme anajifunza polepole kwamba nguvu za mwili hazijibu malalamiko. Mwishoni anakubali kuwe na katiba.

Wakenya tulipata katiba yetu mpya mwaka 2010, na kaunti zikaja baadaye. Kwa hivyo hadithi hii tunaielewa. Hata katika vikundi vyetu wako wenyeviti ambao ni kama wafalme wa Wakanda. Ni wachapakazi, ni waaminifu, wala hawaibi, lakini daftari la hesabu wanalo wao tu. Siku mwenyekiti kama huyo akiugua, kikundi kizima kinalala kitandani pamoja naye. Tunawaomba viongozi wakisome kitabu hiki kabla ya uchaguzi ujao wa vikundi.

Onyo moja: kina mauaji, na kina maneno mazito. Kisipewe mtoto wa chini ya darasa la saba.

VYA KWETU JE?

Kuna aliyeuliza, je, Waafrika hatuna vyetu? Tunavyo. Wazee waliokuwa vijana miaka ya 1960 na 1970 wanakumbuka African Film na mpelelezi wake Lance Spearman. Hicho hakikuchorwa. Kilikuwa picha za kamera zilizopangwa kama katuni. Spearman alikuwa mtu mweusi, mwenye kofia na suti, akipambana na wahalifu wenye silaha za ajabu. Kwa kijana wa wakati ule, aliyezoea kuona mtu mweusi katika sinema akibeba mizigo ya Mzungu tu, hilo lilikuwa jambo kubwa. Wasomaji wa Taifa Leo nao walimjua Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miaka mingi. Huyo hana nguvu zozote ila za kujiingiza kwenye matata, na pengine ndiyo sababu tulimpenda.

Frank Odoi, aliyezaliwa Ghana mwaka 1948 na kuishi na kufanya kazi Nairobi mpaka kifo chake mwaka 2012, alituchorea Akokhan, shujaa ambaye nguvu zake zinatoka katika imani na simulizi za Kiafrika. Tunapendekeza vijana watafute kazi zake. Alionyesha kwamba mtu anaweza kuchora hadithi ya maajabu bila kuazima majumba marefu ya New York.

Halafu kuna Shujaaz, iliyoanza mwaka 2010. Ilitolewa bure, na iliandikwa kwa Sheng. Mhusika wake mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule hana kazi, akajitengenezea kituo cha redio cha siri chumbani mwake. Haruki angani. Nguvu yake ni kupata habari inayofaa na kuisambaza. Hadithi yao moja iliyojulikana sana ilieleza jinsi ya kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Wazee walilalamika juu ya Sheng, na kweli si lugha ya kumfundishia mtoto insha. Lakini akina mama wanaofuga kuku waliuliza mara moja: rangi gani, na inadumu siku ngapi? Hilo ni somo kwetu sisi wenye vitabu vya mbuzi vilivyojaa vumbi. Habari ni ile ile, bali hapa imepewa miguu. (Wanaotaka kujaribu, waanze na vifaranga wachache, na watumie rangi ya chakula isiyo na sumu, wala si rangi ya mlango.)

HOFU ZA WAZAZI

Tuzijibu hofu zenu bila kuzikwepa.

Juu ya uchawi. Tulivisoma vyote, na hatukuona kitabu kinachomfundisha mtoto kuroga. Viko vyenye miungu ya kubuniwa, na hapo mzazi azungumze na mtoto wake kulingana na imani ya nyumba yake, awe Mkristo au Mwislamu. Mtoto anayeuliza ni afadhali kuliko mtoto anayeficha kitabu chini ya godoro.

Juu ya kupigana. Hofu hii ni ya haki. Katika vitabu vingi, ngumi ndiyo mwisho wa kila mjadala. Tumetenga vitabu saba ambavyo havina kitu kingine ila kupigana na wanawake waliovaa nusu nguo. Hivyo havistahili nafasi sandukuni, na tumevirudisha kwa waliovileta.

Juu ya kupoteza wakati. Hapa hatukubaliani nanyi. Tuna watoto hapa waliomaliza darasa la nane na hawawezi kusoma barua ya chifu wakaielewa. Tuna watu wazima walioanza ngumbaru wakaacha kwa aibu. Picha humsaidia msomaji dhaifu. Neno lisilojulikana linaelezwa na uso wa anayelisema. Tumemwona mama mmoja akimsomea mjukuu, akikwama kwenye neno, mjukuu akimsaidia kwa kuonyesha picha, na wote wawili wakaendelea. Hatujawahi kuona hayo yakitokea kwa kitabu cha kanuni za ushirika.

MAPENDEKEZO

Tunauomba mkutano ukubali haya:

1. Sanduku libaki, na vitabu vigawanywe mafungu matatu: vya watoto wadogo, vya vijana, na vya watu wazima. Kila kitabu kiwekewe alama ya rangi kwa nje.

2. Jumamosi moja kila mwezi kitabu kimoja kisomwe kwa pamoja, kwa sauti, na maswali yale sita pamoja na mawili yetu yaulizwe. Atakayesoma Kiingereza awaelezee wengine kwa Kiswahili, na panapohitajika kwa Kiborana au Kiturukana.

3. Kuwe na daftari. Kila anayerudisha kitabu aandike mistari mitatu: kinahusu nini, kizuri chake ni nini, kibaya chake ni nini. Asiyejua kuandika aseme, na kijana amwandikie. Daftari hilo litatuambia mengi juu ya fikira za watoto wetu.

4. Pesa za mzunguko zisiguswe kununulia katuni. Vitakavyokuja vije kwa kuazimana na kwa zawadi.

5. Wale wenye mkono wa kuchora wachore hadithi moja ya kwetu. Vijana wamekwisha kupendekeza ya kamati ya maji: pampu imekufa, fundi yuko mbali, na pesa za ukarabati zimekopeshwa kwa jamaa ya mweka hazina. Shujaa ni nani katika hadithi hiyo? Vijana hawajakubaliana. Mmoja anasema ni msichana anayejua kutengeneza pampu. Mwingine anasema ni mzee anayethubutu kuuliza daftari liko wapi. Wa tatu anasema ni wanachama wote arobaini waliokuja mkutanoni siku ile badala ya kubaki nyumbani. Sisi tumewaambia wachore zote tatu.

Wenzetu, mtoto anayesoma habari za mtu anayepaa hatarukia shimoni kwa sababu hiyo. Tunachoogopa ni kingine: kwamba atazoea kuangalia juu, akingoja mtu aje kutoka mawinguni, kutoka Nairobi, au kutoka ng'ambo, na kwamba sisi wazazi wake tumemzoesha hivyo kabla ya katuni yoyote kufika Chechelesi. Moto hauwezi kututoa katika mazoea hayo. Maswali yanaweza. Kura ni yenu sasa.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika miaka mitano iliyopita, ni nani alikuja kwetu kama Ororo na mvua ya siku moja? Alituacha na nini?

2. Daftari la hesabu za kikundi chetu liko kwa nani? Ni wanachama wangapi wamelisoma?

3. Je, kuna karatasi yoyote ambayo kikundi kimetia sahihi bila kusomewa? Nakala yake iko wapi?

4. Ukiambiwa uchore shujaa wa kijiji chako, utamchora nani, na akiwa anafanya kazi gani?